Kishi. Kisha?

Mama mkwe alipofika kutoka Tanga na kapu lake la machungwa, mke wangu alikuwa bado kazini, na mimi nilishajisifu kwenye simu kwamba siku hizi napika. Ningepika wali wa nazi na samaki, mambo yangeisha. Lakini mwanamke wa Tanga umpikie wali wa nazi? Nikaona bora kitu asichokijua, asiwe na cha kukilinganisha nacho.

"Unapika nini, baba?"

"Kishi, mama."

"Kisha?"

"Hapana mama, kishi. Ndiyo jina lake."

"Nimesikia. Kisha?"

Nikaona nianze tu kuchunga unga.

Kishi yenyewe si mchezo mgumu. Unatengeneza kama bakuli la unga na siagi, unamimina humo mayai yaliyopigwa na maziwa, unatia mboga na jibini, unaoka mpaka igande. Nilikuwa na unga gramu 200, siagi gramu 100, mayai 3, maziwa na krimu robo lita, fungu la mchicha, na kipande cha jibini ambacho kwa bei yake ningerudi na samaki wa maana kutoka Feri. Siagi inatakiwa iwe baridi. Dar es Salaam, mwezi wa pili, ni nini kilicho baridi? Kabla sijamaliza kuchanganya, unga ulishalegea, unaning'inia vidoleni kama bamia. Niliurudisha kwenye friji mara mbili. Mama akachungulia mlangoni.

"Chapati zako zina homa?"

Sasa ule unga huokwa kwanza peke yake, na ili usivimbe kama andazi, unaufunika kwa karatasi ya kuokea na kuukandamiza kwa maharage makavu. Nikachota kwenye ndoo ya mke wangu kama nusu kilo. Mama aliyaona yakiingia kwenye oveni makavu, na baada ya dakika 15 akayaona yakitoka makavu. Hakusema neno. Nikayaacha yapoe, nikayarudisha kwenye ndoo, nikamimina mayai yangu, nikarudisha kitu motoni.

Lazima niseme kidogo kuhusu lile bati la kuokea. Ni lile la kitako kinachochomoka: pete pembeni, kisahani chini, na hivyo viwili havijashikana popote. Muuzaji Kariakoo aliniambia ndiyo ya kisasa. Nyuzi 180, dakika 35, kishi ikatoka na rangi ya andazi, katikati inatikisika kidogo tu, nzuri mpaka nikataka kuipiga picha. Nikakunja kitambaa kiganjani, nikaipakata kwa chini kama mhudumu wa hoteli. Hapo pete ikaachia. Ikashuka taratibu, ikapita kifundo cha mkono, ikaenda kutulia karibu na kiwiko kama bangili ya bibi harusi. Bangili ya nyuzi 180.

Mkwe hapigi ukelele mama mkwe akiwa sebuleni. Nikatafuta neno la heshima, likanitoka, "Allahu akbar!" kwa sauti ya muadhini.

"Kumbe isha imeingia," mama akasema, na nikasikia kandambili zake zikielekea bafuni kutia udhu.

Mimi nimesimama palepale. Mkono uliovaa bangili ndio ulioshika chakula. Nikiutikisa, namwaga, nisipoutikisa, naungua. Nikautikisa kidogo. Robo ya kishi ikaruka, ikatua kwenye sinki juu ya maganda ya vitunguu.

Mezani niliiweka upande uliomeguka ukinitazama mimi. Mke wangu, aliyekwisha kurudi, akauangalia mkono wangu, akaiangalia sahani, akanyamaza. Mama akasema bismillahi, akakata kipande, akatafuna polepole.

"Kama chipsi mayai bila chipsi," akasema. "Lakini si mbaya."

Kwa mama huyu, hiyo ni digrii. Ningenyamaza pale, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

"Mama, asili yake ni Lorraine, kule Ufaransa, jirani na Ujerumani. Hata jina wanasema limetokana na neno la Kijerumani, Kuchen, yaani keki."

"Mjerumani alikaa kwetu Tanga, akatuachia reli. Hiki alikificha wapi?"

Tukacheka wote watatu. Kichwa kikanivimba.

"Tena ya kwao haina hata mchicha, mama. Wao wanaweka nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi."

Taya la mama likasimama. Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi.

"Hii ni ya mchicha, mama! Mchicha mtupu! Wallahi!"

Lakini mtu anayeapia mchicha nani atamwamini? Mama alimeza kama anayemeza kidonge cha klorokwini, akaisogeza sahani kwa kidole kimoja, akasema ameshiba, safari imemchosha. Mke wangu akanyanyuka kimya kwenda kukaanga mayai. Ya kawaida, ya kitunguu na nyanya. Aliyeshiba akala matatu.

Asubuhi niliamshwa na moshi wa mkaa. Mama alikuwa ameinjika maharage tangu alfajiri, ili, kwa maneno yake, watoto wapate chakula cha kueleweka. Saa nne bado yalikuwa yanagonga sufuria kama kokoto. Saa sita akaongeza magadi. Saa nane akachota moja kwa mwiko, akalibonyeza kwa vidole viwili, likachomoka likagonga kioo cha dirisha.

"Baba, haya maharage mmeyatoa wapi?"

"Ya Mbeya, mama."

"Ya Mbeya?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nao siku hizi wamekuwa hivyo?"

Nikashusha mkono wa shati kuifunika bangili yangu, nikatoka kwenda kununua mkaa mwingine.