Shughuli ndogo haihitaji menyu ya harusi

Kila kundi la WhatsApp linalofunguliwa kwa ajili ya shughuli ya familia hapa Dar es Salaam huanza na swali lile lile: tunavaa rangi gani? Kabla hajatajwa mpishi, kabla haijajulikana idadi ya wageni, na mara nyingine kabla mwenye shughuli mwenyewe hajaulizwa anapenda kula nini, tayari zimekwisha kutumwa picha kumi za vitambaa, namba ya mpambaji imewekwa, na wifi mmoja ameshauri zambarau ichanganywe na rangi ya maziwa kwa kuwa ndiyo inayopendeza kwenye picha. Hiyo ndiyo tunayoiita thimu. Neno hilo limeingia kwetu likiwa na maana pana, lakini tumelibana hadi likabaki kuwa jina jingine la sare.

Maoni yangu ni kwamba tunaanzia mwisho. Shughuli ya watu ishirini au thelathini, inayofanyika uani au sebuleni, inapaswa kupangwa kuanzia kwenye mlo, na mlo wenyewe uanzie kwenye saa ya kukutana na kwa mtu anayesherehekewa. Mambo ya rangi na mapambo yatafuata, tena kwa gharama ndogo. Kinachotuponza ni kwamba wengi wetu tumejifunzia shughuli kwenye kamati za harusi, ambako kuna michango, mshereheshaji na mstari mrefu wa kujipakulia, na tunapopata jambo dogo hatulipangi upya bali tunaipunguza harusi. Ukumbi unakuwa turubai, wageni mia tatu wanakuwa thelathini, lakini menyu inabaki ile ile.

Nimelifanya kosa hilo mwenyewe. Kaka yangu alipombatiza mwanawe, mwezi wa Februari, mimi ndiye niliyekabidhiwa chakula, nami kwa kutaka kuonekana najua kazi nikaagiza kwa mpishi wa kukodi vyakula vya aina kumi na moja kwa watu thelathini: wali mweupe, pilau, chipsi, ndizi za kukaanga, tambi, kuku, mchuzi wa ng'ombe, samaki, maharage ya nazi, mchicha na saladi ya kabichi yenye mayonaizi. Wageni walialikwa saa saba. Chakula kililetwa saa sita kamili, nikamsifu mpishi kwa kuwahi. Ibada ikarefuka, picha zikarefuka zaidi, na tulipofunua vyombo ilikuwa saa tisa na nusu, katika joto ambalo kila aliyekaa Dar mwezi wa Februari analijua. Maharage ya nazi yalikuwa na povu jeupe pembeni mwa chombo. Nilichota kijiko, nikanusa, nikafunika tena kimya kimya na kukipeleka chombo kizima nyuma ya nyumba, na saladi nayo nikaipitisha njia hiyo hiyo kabla hajaja mtu kuniuliza.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Kwa hali ya hewa yetu, na kwa tabia yetu ya kualika saa saba ili watu wafike saa tisa, maana yake ni kwamba nusu ya vyakula tunavyovizoea kwenye shughuli havifai kupikwa mapema. Tui la nazi huchacha haraka, na mayonaizi nayo haistahimili jua. Pilau kwa upande wake ni mlo wenye subira: ikishapaliwa, makaa juu ya mfuniko na makaa machache chini, inakusubiri wewe na wageni wako, na kachumbari inakatwa wakati watu wameshakaa.

Kulikuwa na hasara nyingine siku ile ambayo sikuitambua hadi nilipokaa na kuipigia hesabu. Mpishi anayepika aina kumi na moja kwa watu thelathini hana budi kupika kila aina kidogo kidogo. Wageni wa mwanzo, kwa adabu na kwa tamaa, huchota kijiko cha kila kitu, sahani inakuwa mchanganyiko usio na ladha inayoeleweka, na anayefika mwisho wa mstari hukuta mifupa ya kuku na chipsi zilizolegea. Siku hizi ninapopika mwenyewe hukadiria kilo moja ya mchele kwa watu saba na kilo moja ya nyama kwa watu watano, kisha ninaongeza kidogo kwa ajili ya majirani ambao hawakualikwa lakini watakuja. Ukiwa na sufuria mbili kubwa hesabu hiyo haikusumbui, lakini kwa sufuria kumi na moja hakuna anayejua chochote.

Shughuli iliyonibadilisha kabisa ni ya mama yangu alipotimiza miaka sabini. Mama ni mzaliwa wa Pangani, na kwa kuwa sisi watoto tulikuwa tumeshagombana vya kutosha kuhusu ukumbi, safari hii nilikwenda kumuuliza mwenyewe.

"Mama, siku yako unataka tukupikie nini?"

"Mimi, mwanangu, nataka chai. Watu wangu waje tunywe chai, tuzungumze. Wali ninaula kila siku."

Jibu hilo lilimaliza kazi iliyokuwa imetushinda kwa wiki mbili. Chai maana yake ni alasiri, kwa hiyo wageni wakaalikwa saa kumi, jua likiwa limepungua. Alasiri ya Pangani maana yake ni vitafunio vinavyoliwa kwa mkono, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mstari, uma wala vyombo vya kukodi. Tulikubaliana juu ya sambusa za nyama, katlesi za samaki, vitumbua na mkate wa kumimina, ule wa mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui na hiliki, ambao mama alikataa katakata usipikwe na mtu mwingine. Alikaa mwenyewe jikoni tangu asubuhi akiongeza na kupunguza makaa juu ya mfuniko, akiuchungulia mkate kila baada ya dakika chache hadi uso wake ulipopata rangi ya kahawia, na mtu yeyote aliyetaka kumsaidia alifukuzwa. Tulipika pia sufuria moja ya pilau ya kuku kwa ajili ya baada ya Magharibi, kwa sababu namjua baba mdogo, na kwa sababu mwaliko usio na wali kabisa mjini hapa utasimuliwa vibaya mwaka mzima.

Jambo nililojivunia zaidi halikuwa la kupika. Karibu na kituo chetu cha daladala kuna kijana anayeuza kahawa chungu na kashata, mwenye birika lake juu ya jiko dogo la mkaa na vikombe vidogo anavyovigonganisha akipita. Nikamwomba aje na kijiwe chake nyumbani kwetu kwa saa tatu, nikimlipa zaidi ya anachopata jioni nzima. Alikuja na ndoo yake ya maji ya kusuuzia vikombe, akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, na kabla sijamwelekeza lolote wazee wa kiume walikuwa wamebeba viti vyao kutoka chini ya turubai na kumzunguka. Baraza lilijiunda lenyewe. Kwa miaka yote niliyohudhuria shughuli sijaona mapambo yaliyowaweka watu karibu namna ile.

Hapo ndipo mapambo yalipopata mwelekeo, kwa sababu sasa tulijua tunapamba nini. Tulitandika mikeka na majamvi, tukamvika mama kikuba cha asumini, na badala ya kuwanunulisha watu kitambaa ambacho hawatakivaa tena, tuliwaomba wanawake waje na kanga yoyote wanayoipenda, mpya au iliyochakaa, na kila mmoja asimame asome jina lililoandikwa humo na kumwambia mama neno. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linalosema yale ambayo mvaaji hawezi kuyasema. Shangazi yangu mmoja alisoma la kwake taratibu sana, akimtazama wifi yake badala ya kumtazama mama, na uwanja mzima ukaangua kicheko kwa sababu kila mtu alijua kisa. Hiyo ndiyo thimu kwa maana ninayoitaka.

Fedha iliyotumika haikufika nusu ya ile ya ubatizo, ingawa watu walikuwa wengi zaidi. Nakiri kwamba kazi yenyewe ilikuwa kubwa: kufunga sambusa mia na hamsini usiku wa kuamkia shughuli si mchezo, na asiye na ndugu wa kumsaidia afadhali aagize kwa mwanamke wa mtaani anayezikaanga kila siku, kuliko kujitesa.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina wageni wa dini zote mbili, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Ndiyo maana nyama ichinjwe na Mwislamu tangu mwanzo, ili swali lisizuke mezani. Na kama kuna watu wanaotaka kitimoto, basi kiwe siku nyingine na kwa vyombo vingine. Kalenda nayo itazamwe kabla ya kutangaza tarehe. Mwaka 2025 Kwaresma ilianza tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na aliyekuwa amepanga mlo wa mchana wa Machi alijikuta akiwaalika watu wasiokula. Wapo pia wenye kisukari, ambao huona haya kusema. Kwetu chai ilipikwa bila sukari na bakuli la sukari likawekwa pembeni, na hapakuwa na haja ya mtu kujieleza.

Msimu nao unasaidia kuchagua, ingawa tunausahau. Kuanzia Novemba hadi Januari embe ni nyingi kiasi kwamba kuweka juisi ya pakiti mezani ni aibu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usipange lolote la uani bila paa. Na anayetaka mlo wa samaki aende soko la samaki la Feri alfajiri, aone kilichoshuka, ndipo aandike menyu, si kinyume chake.

Kwa nduguze wa Kilimanjaro, shemeji yangu anataka ndafu siku mwanawe atakapopata kipaimara mwezi wa Desemba. Sina ubishi naye hata kidogo, kwa kuwa kwao mbuzi mzima anayeletwa akiwa na majani mdomoni ndiye shughuli yenyewe, na watu husimama kumpokea. Nilichomwomba ni kimoja: kama ndafu ndiyo mgeni rasmi, basi iandamane na ndizi, kachumbari na juisi ya embe, na vile vyakula vingine tisa alivyoviandika vifutwe. Amefuta saba. Wifi yetu wa zambarau bado anadai maputo, nasi tumempa mawili, yafungwe langoni ili wageni waijue nyumba.