Na Wao Cheti Chao Kiko Wapi?

Juzi nilikaa saa nne nzima katika hoteli moja hapa Nairobi, nikila sambusa za serikali na kumsikiliza afisa wa idara fulani akiwafunza wafanyabiashara wadogo kupata tenda. Cheti cha AGPO, ule mpango wa kutengea vijana, wanawake na walemavu sehemu ya tenda. CR12, hati ya kuonyesha wenye kampuni. Leseni ya kaunti. Cheti cha kutodaiwa kodi. Kurasa zote zipigwe nambari, ukiruka moja shauri yako. Kisha akatabasamu: "Fuateni sheria, pesa zitawafuata."

Chai ilinipalia.

Mimi ni wakili wa tenda, na wateja wangu si wale wakandarasi wakubwa wa barabara kuu. Mmoja ni mzee fundi wa fenicha, Ngong Road. Mwaka 2019 alipata LPO, yaani hati ya serikali ya kuagiza bidhaa, ya viti na kabati, milioni 4 kabla ya kodi. Mnajua Juni huwaje, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa: simu tatu kwa siku, "mzee, leta leo leo". Akaleta. Julai simu zake hazikupokelewa tena.

Sasa pigeni hesabu nami. Ankara imeshatoka, kwa hivyo VAT ya asilimia 16, yaani laki sita na elfu arobaini, ikadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi uliofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Mbao alinunua kwa watu wasiotoa risiti ya VAT, hivyo hakuwa na cha kupunguza kwenye kodi hiyo. Pesa hizo angezitoa wapi, na zilikuwa serikalini? Riba ikapanda. Cheti cha kodi akanyimwa. Bila cheti, hakuna tenda nyingine. Serikali inamdai kodi ya pesa ambazo yenyewe haijampa, halafu inamnyima kazi eti ana madeni!

Tukaenda mahakamani, Milimani. Tukashinda, tena na riba, maana kifungu cha 140 cha sheria ya ununuzi wa umma kinairuhusu malipo yakichelewa. Mzee akaniuliza, "Wakili, dalali anaenda lini kuchukua magari yao?" Ikabidi nimweleze kifungu cha 21 cha Sura ya 40, ile sheria ya kesi dhidi ya serikali: mali ya serikali haipigwi mnada. Unachukua hati ya deni, unawapelekea, unangoja. Wakinyamaza unarudi kuomba mandamus, amri ya mahakama ya kumlazimisha afisa alipe. Wakikaidi unarudi tena, safari hii kwa kudharau mahakama. Aliigeuzageuza ile hukumu mkononi. "Na hii nitaila na nini?"

Sawa, nitakubali mawili matatu. Nina wateja walionijia na vyeti vya kughushi, nikawafukuza. Hakuna anayetaka dalali abebe kitanda cha hospitali na mgonjwa akiwa juu yake. Na bodi ya kukagua malalamiko ya tenda hufanya kazi kwa saa: siku 14 za kulalamika, siku 21 za uamuzi. Lakini bodi hiyo huamua nani apewe tenda. Kulipwa ni shughuli nyingine.

Kinachonichoma ni kwamba sheria hiyo hiyo ya 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa mhasibu, yaani mkuu wa taasisi inayonunua, kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha pesa zimetengwa kwenye bajeti. Akianza makusudi bila kuhakikisha, ni kosa la jinai. Hilo halikuwa kwenye mafunzo. Fundi anaulizwa vyeti vitano kabla ya kuuza kiti kimoja. Anayeagiza viti mia haulizwi hata kama ana hela!

Nilinyoosha mkono nikauliza. Afisa akasema, "Wakili, hilo tutalizungumzia nje." Tukaitwa chakula.

Kwenye foleni, wakili kijana aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Mkubwa, na hii kazi inalipa kweli?"

Nikamwambia aje ofisini kwangu aone. Kuna viti sita vya mvule, vizuri ajabu. Ndiyo ada ya kesi ya mzee.