Saa Yangu na Simu Hawaongei

Siku hizi hata saa ya mkononi inachagua simu ya kukaa nayo! Nimenunua simu mpya, hela yote ya dagaa imeishia hapo, halafu saa yangu janja ya Pebble niliyoachiwa na shemeji ikakaa kimya. Simu nayo ikaniandikia eti programu ya saa ni ya zamani, haifai. Ya zamani! Mbona mimi ni wa zamani na bado nadaiwa?

Nikapanda bodaboda hadi Mwanga, hapa Kigoma, kwa fundi simu. Nauli sisemi, mnaijua. Nikaketi kwenye benchi kiungwana, mkono nimeutanguliza, watu waone kwamba yangu si shida ya kioo kupasuka.

"Shikamoo mzee. Inaingiza chaji?"

"Marahaba. Chaji inaingia. Kuongea na simu ndiko imegoma."

Akaigeuza, akainusa. Wallahi, akainusa!

"Kampuni hii ilikufa 2016, mzee wangu. Fitbit, watengeneza saa wenzao, wakanunua mali zake, nao Fitbit wakamezwa na Google 2021."

"Kijana, sikuja matangani."

Akanieleza kuwa programu ile ya zamani ya Pebble ni ya biti 32, mtindo wa kale wa programu, simu yangu inataka za biti 64 tu. Nikamwambia basi aweke mbili. Benchi zima likacheka, hadi yule aliyekuja na redio.

Akapakua Gadgetbridge, programu ya bure ya kuunganisha saa na simu, ambayo Play Store huikuti. Ikaanza kuomba ruhusa: isome meseji, ijue nilipo, isizimwe hata nikilala. Mama watoto miaka yote hajapewa ruhusa hizo! Fundi anabonyeza tu, kubali, kubali, kama shahidi aliyelipwa.

Saa ikatetemeka. Makofi! Nikainua mkono kwa heshima zangu zote, nikasoma kwa sauti: "Mjumbe, ahadi yako ya mchango bado 50,000."

Benchi likanyamaza, wakanionea huruma. Ubaya ni huruma.

Tangu hapo mkono hautulii. Kikundi cha harusi kinatuma usiku kucha, na vile vikatuni vya kucheka vinatokea kama vijisanduku. Harusi yenyewe ya mtoto wa nani? Wa Ujiji huko, hata sura simjui. Kuna sendofu, kuna kicheni pati, kuna harusi, na kila moja ina sare yake. Sare ya safari hii ni rangi ya damu ya mzee. Mimi, na tumbo hili? Kitambaa chenyewe dukani hakipo, kinapatikana kwa mweka hazina peke yake. Anauza yeye! Na fundi cherehani ni shemeji yake!