Huru, lakini lete hati

Ukikaa na Wabongo wenzetu wa huku Virginia, iwe futarini au msibani, mazungumzo huishia palepale: Marekani kuna haki, kwetu kuna amri. Sikatai yote. Huku polisi akikukamata, kabla hajakuhoji lazima akwambie kuwa una haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1966. Ninachokataa ni ile dhana kwamba wenzetu hawa walizaliwa na haki mfukoni. Jimbo tunalokaa ndilo lililotunga baadhi ya sheria katili kuliko zote za Marekani, tena kwa utaratibu na kwa kura za bunge.

Mwaka 1662 liliamua mtoto afuate hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba akiwa ndiye bwana mwenyewe. Mwaka 1669 likaamua kwamba bwana akimuua mtumwa wake wakati wa kumwadhibu, hana kosa la jinai, kwani hakuna mtu ambaye angeharibu mali yake kwa makusudi. Kisha 1705 sheria hizo zikakusanywa pamoja. Mtumwa asitoke shambani bila cheti cha bwana, asishike silaha, na akiinua mkono dhidi ya mzungu apigwe viboko.

Lakini mimi kinachonikaa rohoni zaidi ni walivyofanyiwa waliokuwa huru. Kuanzia 1793, Mweusi huru wa Virginia alitakiwa kujiandikisha kwa karani na kupewa nakala ya kutembea nayo. Ukiyafungua madaftari yale unakuta namba, jina, umri, rangi ya ngozi, urefu kwa futi na inchi, kovu juu ya jicho au mkononi, na kama aliachwa huru, ni nani aliyemwacha. Ungedhani ni orodha ya farasi. Akikutwa bila karatasi aliweza kutiwa ndani, naye ndiye wa kuthibitisha kwamba si mtumwa. Mwaka 1806 wakaongeza: ukiachwa huru, uhame jimbo ndani ya miezi 12, la sivyo unaweza kurudishwa utumwani.

Utumwa wenyewe ulifutwa nchi nzima Desemba 1865. Januari iliyofuata tu, bunge la Virginia likapitisha sheria ya uzururaji: asiye na kazi akamatwe na kukodishwa kufanya kazi kwa nguvu. Jenerali Alfred Terry, aliyekuwa akisimamia jimbo kijeshi, aliizuia, akasema ni utumwa uliobadilishwa jina tu.

Sasa sisi Wazanzibari tusicheke. Watalii wanaopelekwa Mkunazini huonyeshwa mahali soko la watumwa lilipokuwa hadi 1873. Ningependa waonyeshwe pia amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897. Kwa amri ile mtumwa hakuamka asubuhi akiwa huru. Alipaswa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na bwana wake alipwe fidia. Akishaupata, aonyeshe ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo atangazwe mzururaji. Masuria hawakuguswa hadi 1909. Virginia 1866 na Unguja 1897: bahari mbili tofauti, lakini woga wa wenye mashamba ulikuwa ule ule. Nani atavuna tumbaku? Nani atachuma karafuu?

Simlinganishi raia wa leo na mtumwa. Hayo ni matusi kwa waliouzwa. Ila nasema tabia ya kumtaka mtu wa chini ajithibitishe haijatutoka. Jamaa yangu mmoja, mzaliwa wa palepale mtaani, alizungushwa ofisi moja baada ya nyingine akitafuta barua ya kuthibitisha ukaazi ili apate kitambulisho, na bila kitambulisho hakuandikishwa kupiga kura. "Njoo kesho, mzee hayupo." Mzee yupo, anakunywa kahawa nje.

Tofauti ninayoiona huku Marekani ni mahali pa kwenda kushtaki. Mwaka 1691 Virginia ilikataza ndoa za Wazungu na Weusi. Mwaka 1958 Richard na Mildred Loving, mume Mzungu na mke Mweusi, walikamatwa chumbani mwao usiku, kisha wakaamriwa wasirudi jimboni pamoja kwa miaka 25. Wakaishtaki Virginia, na mwaka 1967 sheria ikaanguka kwa wote, hata kwa ambao hawakuwahi kuingia mahakamani.

Na sisi tunayo karatasi nzuri. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Muungano mwaka 1984, na Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba, bila kuulizwa limemuuma wapi. Lakini mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria ya utekelezaji wa haki hizo: anayefungua shauri aape kwanza kueleza jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Mawakili waliokuwa wakifungua kesi kwa niaba ya umma walibanwa hapo. Wenzangu wa diaspora wanaopigania uraia pacha kila mwaka, nawaunga mkono, lakini kelele zangu mimi ningezielekeza kwenye kuilinda haki hiyo ya kwenda mahakamani.