Nilivyochimba Dawa Mara Sita Kabla ya Babati

Daktari aliyeniandikia dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlimani alisema kwa Kiswahili fasaha: "Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, anza siku moja kabla ya kupanda." Alikwisha kuniuliza kama dawa za salfa hunidhuru, kama figo zangu nzima, kama nimewahi kulala mahali pa juu kuliko hapa Dodoma. Kasoro pekee ilikuwa neno "kupanda". Yeye alimaanisha mlima. Mimi nilielewa basi.

Na hiyo nusu nayo sikuitii. Kidonge cha dawa hiyo, asetazolamaidi, ni miligramu 250, nusu yake 125, na kwa wapandaji wengi hiyo 125 mara mbili kwa siku inatosha. Ila mimi nafundisha baiolojia kidato cha nne, na mwalimu wa baiolojia akipewa nusu kidonge huhisi kadharauliwa. Jumapili usiku nikameza kizima. Jumatatu alfajiri, kingine. Safari ya mlima ilikuwa Jumatano.

Juu ya hapo nilikuwa nimesikia kwamba mlimani mtu anywe lita tatu za maji kwa siku. Nikaona si vibaya kuanzia nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi nilipokaa kwenye siti pale stendi ya Nanenane, chupa ya lita moja na nusu ilikuwa imeshalala tumboni.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja anayekwenda Babati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Waelekea wapi?"

"Moshi. Nakwenda kupanda Kilimanjaro."

"Umelazimishwa?"

Nikaona ni wajibu wangu kumpa somo. Nikamweleza kwamba watu husema juu kule oksijeni imepungua, lakini asilimia haibadiliki: pwani ni 21, kileleni Kibo ni 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Ni kama debe la karanga zilizomenywa na debe la karanga zenye maganda. Debe ni lilelile, ila cha kutafuna kimepungua. Hapa Dodoma, mita 1,120 juu ya bahari, tumeshakatwa kama sehemu moja ya nane na wala hatujui. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi unavuta kama nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga anaivuta.

"Sasa unafuata nini huko?" akauliza bibi. Swali zuri, na sikupata kulijibu, kwa sababu tulikuwa tumefika Makutupora na kibofu kilikuwa kimejaa mpaka kope zinauma.

"Konda! Kuchimba dawa!"

Konda akanitazama kama mtu aliyeomba chenji ya elfu kumi kwa nauli ya mia tano. Basi lilikuwa halijamaliza hata nusu saa barabarani. Likasimama. Mayamaya nikaomba tena, kiti hakijapata hata joto langu. Mara ya tatu ilikuwa porini kwenye miiba, abiria wa kushoto wote wakiangalia kulia kwa heshima.

Figo zangu hazikuwa na kosa. Ukipanda mlima, kwenye shingo, pale mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani inapogawanyika, kuna vijinundu viwili vinavyopima oksijeni. Ikipungua, vinaamuru upumue haraka. Unapata oksijeni kidogo zaidi, lakini unatoa kaboni dioksidi nyingi mno, damu inaelemea upande wa ualkali, kinyume cha asidi, na ubongo ukiona hivyo unakanyaga breki: punguza kupumua. Basi mwili unavutana wenyewe kwa wenyewe. Anayemaliza ugomvi ni figo, kwa kutoa baikaboneti, ndiyo yenye huo ualkali, kwenye mkojo, na kazi hiyo humchukua siku kadhaa. Asetazolamaidi inamharakisha. Baikaboneti inatoka, sodiamu inaifuata, maji yanafuata sodiamu, na mwalimu anafuata kichaka.

Ila hayo ni ya mlimani. Mimi nilikuwa Mayamaya. Hapakuwa na ugomvi wowote wa kumaliza.

Kabla ya Kondoa vidole vikaanza kunisisimka, kisha midomo, kama sisimizi wanahama na mizigo yao. Hayo ni madhara ya kawaida ya dawa hiyo, na ukimeza dozi kubwa huzidi. Nilikuwa nayajua kwa kuyasoma. Kuyasoma na kuyahisi ukiwa umekaa katikati ya ndoo ya kuku na begi la mtu ni vitu viwili. Nikawa nakung'uta mikono. Bibi akaangalia mikono, akaangalia chupa ya maji, akahesabu safari zangu za kichakani.

"Kiu. Mkojo. Ganzi vidoleni," akasema taratibu. "Mwanangu, una sukari."

"Hapana bibi, ni dawa ya..."

"KONDA! Huku kuna mgonjwa wa sukari!"

Kwa haki, kama ningekuwa nasahihisha mtihani ningempa alama zote. Dalili alizotaja ndizo zilizo kitabuni. Basi zima likageuka. Nikahamishiwa siti ya mlangoni. Mzee mmoja wa nyuma akatoa mashine yake ya kupimia, akanichoma kidole kabla sijakubali. Ikasoma 5.1. Mzee akatangaza kwamba ni nzima kabisa. Bibi akasema mashine ni mbovu.

Kondoa, baada ya kuchimba mara ya nne, nikanunua soda nipoze aibu. Nikapiga funda. Haina gesi. Ladha yake ilikuwa ya maji ya sukari yaliyolala kwenye sufuria la bati. Nikamrudishia muuzaji, akanibadilishia bila maneno. Ya pili vilevile. Ya tatu akaifungua mbele ya macho yangu, ikafoka povu mpaka kwenye kola ya shati. Nikaionja huku povu likinichuruzika kidevuni, nikasema: "Hii nayo imekufa."

"Huyo sukari imeshapanda kichwani," bibi akamwambia muuzaji dirishani. "Mpe tu maji."

Nilikumbuka sababu nikiwa nimeshalipia soda tatu. Dawa ile inazuia kimeng'enya kinachoitwa kaboniki anhidrasi. Kwenye figo ndicho kinachookoa baikaboneti isipotee. Lakini kipo pia kwenye ulimi, na kazi yake pale ni kugeuza gesi ya soda kuwa asidi, ndiyo ule mchomo tunaoupenda. Ukikizuia, soda inafoka, inachuruzika, inaharibu shati, na ulimi hauna habari.

Kolo nikaomba mara ya tano. Hapo ndipo pa kushukia watu wanaokwenda kuona michoro ya miambani, kwa hiyo kulikuwa na wanaoshuka na mizigo yao, nikadhani nina muda. Nilipotoka nyuma ya mti, basi lilikuwa vumbi, na begi langu ndani yake. Nikapata bodaboda. Tukalikuta Bereko, limesimama, dereva kanuna, bibi amesimama mlangoni kama askari wa mpakani: haliondoki mpaka mgonjwa wake apatikane. Kwa kuwa lilikuwa limeshasimama, nikachimba ya sita.

Babati bibi akashuka, akanipa unga wa mlonge kwenye karatasi, akachukua na namba yangu ya simu.

Moshi shemeji alinipokea stendi. Nilipomweleza, akafungua simu yake, akatafuta kitu, akacheka mpaka akashika nguzo. Moshi mjini haifiki mita 1,000. Dodoma nilikotoka ni juu zaidi. Nilikuwa nimemeza dawa ya kupandia mlima ili niteremke.

Akanikataza vidonge mpaka kesho yake, siku moja kabla ya kupanda kwenyewe, na nusu nusu kama nilivyoandikiwa. Akanikatalia pia kujisifia kwamba damu yangu imeshaanza kuongezeka. Na hapo alinikumbusha ninachofundisha: homoni ya kuamsha chembe nyekundu hupanda ndani ya saa chache, lakini chembe zenyewe za kutosha huchukua wiki kadhaa. Siku za mwanzo damu huonekana nzito kwa sababu maji yake yamepungua, basi.

Njia ya Marangu inapanda haraka kutoka kibanda cha kulala hadi kingine: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Elfu nzima kila siku, wakati ushauri wa kawaida ni kwamba ukivuka 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku na usiku. Ndiyo maana tulilipia siku ya ziada Horombo. Asubuhi unatembea hadi karibu mita 4,000, unarudi kulala chini. Usiku pumzi yangu ilikuwa inasimama sekunde kadhaa, kisha inaanza kwa kishindo; mwenzangu wa kitanda cha juu akaniamsha mara mbili kuhakikisha nipo. Ni kawaida huko. Kisicho kawaida ni kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, na hapo kiongozi alishatuambia hakuna kidonge wala kusubiri asubuhi: ni kushuka saa ileile, hata usiku wa manane.

Mimi nilikuwa na kichwa kinagonga kidogo tu. Nilikuwa nimekaa nje ya kibanda, chai ya tangawizi mkononi, simu ikalia. Namba ngeni.

"Mwanangu, ni mimi wa Babati. Sukari inaendeleaje?"

"Imeshuka, bibi. Mimi ndiye nimepanda."

"Na mkojo?"

Nikamwambia angoje kidogo, narudi sasa hivi.