Kabla ya Kuamka Saa Kumi Alfajiri, Niambie Ulilala Saa Ngapi

Orodha ile ya tabia za asubuhi za kujenga afya imeanza tena kuzunguka kwenye makundi ya simu. Amka saa kumi alfajiri. Kunywa glasi mbili za maji kabla hujatia kitu tumboni. Kimbia nusu saa, tafakari dakika kumi, andika malengo ya siku, oga maji baridi. Mengi katika hayo hayana ubaya wowote. Kinachoniudhi ni kwamba orodha nzima inaanzia pale kengele inapolia, na hakuna hata mstari mmoja unaouliza msomaji alipanda kitandani saa ngapi. Aliyelala saa sita usiku akaamka saa kumi alfajiri amepata saa nne za usingizi. Huyo hajajenga afya. Amejinyima kitu ambacho mwili wake ulikihitaji kuliko mbio, maji na daftari la malengo vikijumlishwa pamoja.

Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi kila usiku, na wengi wanahitaji nane. Najua hoja inayofuata, kwa sababu hutolewa kila mara: "Mimi mwili wangu umezoea saa sita." Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani, ambapo watu wenye afya nzuri waliruhusiwa saa sita tu kitandani kila usiku kwa muda wa wiki mbili. Walipimwa umakini na kumbukumbu kila siku. Uwezo wao ulishuka siku hadi siku, mpaka mwishoni wakawa wanakosea kama mtu aliyekesha usiku mzima. Walipoulizwa wanajisikiaje, walijibu kuwa wamechoka kidogo tu. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Ubongo uliopungukiwa usingizi hupoteza pia uwezo wa kujikagua, kwa hiyo kauli ya "nimezoea" inatoka kwa shahidi asiyeaminika. Mwaka 2015 watafiti wengine waliwatilia watu 164 virusi vya mafua puani, kisha wakawafuatilia. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walipata mafua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba.

Kwa hiyo kama una nguvu ya kubadilisha tabia moja tu, nakuomba kwa moyo wote uache kwanza mengine uibadilishe hii: amka saa ileile kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Kwa nini saa ya kuamka na si ya kulala? Kwa sababu usingizi hauamrishwi. Unaweza kuzima taa saa tatu usiku ukakodoa macho gizani hadi saa sita. Kuamka, hata kama ni kwa tabu, kunawezekana kwa amri, na kuamka ndiko kunakoipanga siku nzima. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély alieleza kwamba usingizi unaendeshwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni njaa ya usingizi: tangu unapofumbua macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na kadiri unavyokaa macho ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Ya pili ni saa ya mwili, kishada kidogo cha seli kilicho ndani ya ubongo, juu tu ya pale neva za macho zinapopishana. Kishada hicho ndicho kinachopanga joto la mwili lipande au lishuke lini, na melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, itolewe saa ngapi. Jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli ndiyo iliyowapa wanasayansi Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Saa hiyo ina kasoro moja. Kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kidogo, kwa dakika kadhaa. Isiporekebishwa kila siku huchelewa, na kinachoirekebisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Ukiamka leo saa kumi na mbili, kesho saa moja na nusu, keshokutwa saa nne, unaipa taarifa tatu tofauti. Halafu usiku inapokosea, unalaumu godoro.

Chukua mfano wa mtu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Ijumaa anachelewa kulala, Jumamosi anaamka saa nne, Jumapili tena saa nne. Jumapili usiku anajilaza saa nne kama kawaida. Amekaa macho saa kumi na mbili tu badala ya saa kumi na sita, kwa hiyo njaa ya usingizi haijamkolea. Saa yake ya mwili nayo imesogea mbele, yaani inamwita kulala na kuamka kwa kuchelewa, kana kwamba amesafiri nchi za mbali kisha akarudi bila kutoka chumbani. Anajigeuzageuza hadi saa saba usiku, anaamka Jumatatu akiwa hoi, anajiongezea kahawa jioni, na Jumanne inakuwa vilevile. Watu wengi wanaojiita wagonjwa wa kukosa usingizi kila mwanzo wa wiki wanalimwa na tofauti hii ya saa nne.

Sasa namna ya kufanya. Chagua saa ya kuamka unayoweza kuishika siku zote saba, si ile unayoitamani. Ukisema saa kumi na mbili asubuhi, hesabu kurudi nyuma saa nane, unapata saa nne usiku kuwa kitandani taa zimezimwa. Saa hizo nane za kitandani hutoa usingizi wa saa saba na kitu, kwa sababu hakuna anayelala dakika zote. Kama sasa hivi unaamka saa mbili, usiruke siku moja hadi saa kumi na mbili. Rudisha dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu. Wanaoruka saa mbili kwa mkupuo huvumilia siku nne hivi, kisha wanarudi walikotoka na kusema haiwezekani. Mwishoni mwa wiki ukizidisha, usizidishe zaidi ya dakika 60.

Kengele iweke mbali na mkono, ng'ambo ya chumba, ili uifuate kwa miguu. Kile kitufe cha kuahirisha dakika tisa tisa hakikupi usingizi wa maana. Kinakupa vipande vya mang'amung'amu, na kila kipande kinakuamsha upya ukiwa mzito zaidi. Ukishasimama, toka nje ndani ya saa ya kwanza, ukae dakika 10 hadi 20, na kama kuna mawingu mazito fikisha nusu saa. Taa za ndani ya nyumba kwa kawaida hutoa mwanga wa luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) mia moja hadi mia tano. Nje, hata siku ya mawingu, unapata maelfu. Macho yetu huzoea haraka, ndiyo maana hatuoni ukubwa wa tofauti hiyo, lakini saa ya mwili inauona. Usilikodolee jua, mwanga wa anga unatosha. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha ni bora kuliko kukaa gizani, ila hakufikii kutoka nje. Unaweza kuunganisha hapo mazoezi yako yote ya kutembea, na hayo ndiyo mazoezi ya asubuhi ninayoyaunga mkono bila masharti.

Kafeini nayo ihesabiwe vizuri, maana haiondoi uchovu hata kidogo. Inaziba tu mahali ambapo adenosini ingejibandika, huku adenosini ikiendelea kurundikana nyuma yake. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Mtu aliyekunywa miligramu 200 saa kumi jioni, yaani kama vikombe viwili vya kahawa, bado ana miligramu 100 saa tatu usiku na 50 saa nane usiku. Wajawazito na wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi huchukua muda mrefu zaidi. Anayesema "mimi kahawa hainizuii kulala" anaweza kuwa anasema kweli kuhusu kushikwa na usingizi. Kina cha usingizi wenyewe ni habari nyingine, na hicho hawezi kukipima akiwa amelala. Kikombe cha mwisho kiwe saa sita au saa saba mchana, na chai ya majani ihesabiwe humo humo. Pombe hudanganya kwa njia nyingine. Inakulaza upesi, kisha inapoisha mwilini katikati ya usiku inaukatakata usingizi wa nusu ya pili, na unajikuta macho saa tisa usiku moyo ukienda mbio.

Jioni punguza taa walau saa moja kabla ya kulala. Melatonini huanza kupanda takriban saa mbili kabla ya muda wako wa kawaida wa usingizi, na mwanga mkali huirudisha nyuma. Simu ina makosa mawili, na mwanga ndio mdogo. Kubwa ni kwamba inakupa sababu ya kutolala: ugomvi wa watu usiowajua, habari mbaya, video moja baada ya nyingine. Ikae chumba kingine. Na kama umependa kuoga kwa ajili ya afya, oga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu hukimbilia kwenye ngozi, mikono na miguu, joto la ndani linatoka na kushuka, na kushuka huko ndiko kunakoleta usingizi.

Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kulala, kwa kukisia tu pasipo kutazama saa, ondoka. Nenda ukae mahali penye mwanga hafifu, ufanye jambo la kuchosha, na urudi tu pale kope zinapoanza kuanguka. Fanya hivyo hata mara tatu usiku mmoja. Njia hii aliiweka wazi mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972 na hadi leo ni mhimili wa tiba ya kukosa usingizi isiyotumia dawa. Kitanda kinachotumiwa kwa mahangaiko hujifunza kuwa mahali pa mahangaiko. Kosa linaloharibu njia hii ni kulala hadi mchana kufidia usiku mbaya. Amka saa ileile. Siku hiyo itakuwa ngumu, nakubali, lakini njaa ya usingizi itakayojikusanya ndiyo itakayokulaza usiku unaofuata. Ukishindwa kabisa, sinzia dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri, na uweke kengele, kwa sababu ukipitisha nusu saa unazama kwenye usingizi mzito na kuamka umechanganyikiwa.

Na mengine ya kiafya, ya kwenye orodha na yasiyokuwemo? Maji, kunywa ukiwa na kiu, na ongeza kukiwa na joto au jasho. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Hatua 10,000 zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala hazikutoka maabara. Ukitembea 7,000 umefanya kazi nzuri sana. Na ndiyo, wapo watu ambao kwa maumbile yao huamka alfajiri wakiwa wachangamfu. Waamke, mradi walale saa mbili usiku. Kinachonichoma ni kumgeuza mtu huyo kuwa kipimo cha bidii ya wengine wote, hasa vijana. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele kwa saa moja hadi mbili, na kijana wa miaka 16 anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi. Anayeshindwa kulala saa tatu usiku wala kuamka kwa urahisi alfajiri anaitwa mvivu nyumbani na shuleni, ilhali mwili wake unafanya kile unachopaswa kufanya katika umri huo. Inaumiza kuona mtoto akiadhibiwa kwa hilo.

Kuna watu ambao ushauri huu wote hautawatosha. Anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi usingizini kisha akashtuka akitweta, na mchana anasinzia hata akiongea na watu, aende hospitali akapimwe. Njia yake ya hewa inaziba usiku, na huyo hata akilala kwa muda wa saa tisa ataamka amechoka, huku shinikizo la damu likipanda. Mwenye mtoto mchanga naye aachwe na ratiba. Alale kila anapopata nafasi na asaidiwe zamu za usiku.

Wafanyakazi wa zamu ndio wanaoonewa zaidi, kwa sababu saa yao ya kuamka inapangwa na mtu mwingine. Kwao lawama nazipeleka kwa anayepanga ratiba. Zamu zizungushwe kwenda mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku, kwa kuwa saa ya mwili husogea mbele kwa urahisi kuliko kurudi nyuma. Kati ya zamu na zamu pawe na walau saa 11 za mapumziko, maana mtu ana safari ya kurudi, chakula, familia, na ndipo alale. Ratiba itangazwe wiki kadhaa mapema. Na anayetoka zamu ya usiku akiwa na lepe la usingizi asishike usukani: apewe mahali pa kujinyoosha palepale kazini, asinzie dakika 20, akae macho robo saa hadi uzito wa kuamka umtoke, ndipo aende nyumbani.