Jiko Moja, Viazi, na Farasi Nisiye Naye

Jirani, keti hapo karibu na mlango, maana huko ndani moshi umetanda na nyumba hii haina dohani. Moshi huo unaokutoa machozi naulipia. Kila mwaka mtoza kodi ya meko huinama mlangoni pangu kama anayechungulia pango la nyoka, akahesabu jiko moja, akaandika shilingi 2. Mwaka huu wa 1786 nilimweleza kwamba hilo si jiko, ni shimo tu ambalo mke wangu huchemshia viazi. Akanijibu kwamba shimo likiwaka moto huwa jiko. Mtu yule amesoma.

Afadhali huyo kuliko wakala wa zaka. Huku kwetu Cork, kusini mwa Ireland, kama mkoa wote wa Munster, viazi hutozwa zaka, ilhali malisho ya ng'ombe wa mwenye shamba yamesamehewa tangu 1735, na zaka yenyewe humwendea mchungaji wa Kanisa la Ireland, lile la Kiprotestanti la serikali, ambaye mimi Mkatoliki sijapata hata kumsikia akikohoa. Juzi wakala alisimama katikati ya matuta yangu, akayatazama mara moja, akataja deni langu, na viazi vyenyewe bado viko ardhini havijaamua vitakuwa na ukubwa gani.

Ndiyo maana vijana wa Kapteni Right, wale wakulima wa siri wanaopinga zaka, walipokuja kutuapisha nje ya kanisa tusilipe zaidi ya kiwango walichopanga wao, niliapa kwa sauti kuu, hasa waliposema kwamba ada za padri nazo zipunguzwe, kwa kuwa nina mabinti watatu wa kuozesha. Padri alikuwa amesimama nyuma yangu.

Wala usinitajie neema ya 1782, sheria zilipolegezwa kwa sisi Wakatoliki. Zamani Mkatoliki akiwa na farasi mzuri, Mprotestanti yeyote aliweza kumwekea pauni 5 mkononi na kuondoka naye. Sheria hiyo ilipofutwa nilishangilia mpaka koo likakauka, ndipo nikakumbuka kwamba mnyama wangu pekee ni nguruwe, na huyo naye ni wa kulipia kodi ya shamba.

Wanasema Januari mwaka jana Richard Crosbie alipaa angani kwa puto kutoka Ranelagh, kule Dublin, umati ukimshangaa. Mimi nauliza tu kama huko juu walimhesabia jiko.

Sasa funga huo mlango, jirani, hata tukikosa pumzi. Naona mtu anakuja na daftari.